Kuku wa Mwalimu

Ukimwambia mtu wa mkoani kwamba unakaa Segerea, anacheka kwanza, kisha anauliza umetoka lini. Jina hilo limeshikwa na gereza la mahabusu, na magazeti hayajasaidia: kila kesi kubwa nchini huishia na sentensi ya mshtakiwa kurudishwa Segerea. Wakazi wanaijua Segerea nyingine. Wanajua seminari kuu ya Mtakatifu Karoli Lwanga, barabara za Kinyerezi na Bonyokwa, na mabonde yanayoteremka kuelekea mto Msimbazi. Na nyuma ya kuta za matofali ya saruji, wanajua mabanda ya kuku na matuta ya mchicha.

Mabanda hayo yana historia yake, na vijana wa leo wana sababu ya kuijua. Kijana aliyemaliza chuo akakaa mwaka mzima bila ajira lazima amesikia ushauri huu: usichague kazi, fuga kuku, anza na vifaranga mia, lima mboga nyuma ya nyumba. Anayeutoa mara nyingi ni mtu mzima mwenye nia njema, na hasemi uongo. Yeye mwenyewe alifuga, akajenga, akasomesha. Ila husimulia nusu ya habari. Husimulia bidii yake na kuacha alifugia wapi, kwa nini alilazimika kufuga, na nani alimlipia vifaranga wa kwanza.

Tuanze na majira, maana bustani ndiyo saa ya mwaka. Vitabu vya bustani vya Ulaya huanzia pale theluji inapoyeyuka na miti kuchipua. Pwani yetu haina majira hayo. Tuna vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, kiangazi kifupi chenye jua kali, masika kuanzia Machi hadi Mei, halafu kipupwe. Kuchipua kwetu hutokea mara mbili. Vuli inapogusa ardhi, watu wa Segerea hutifua matuta, humwaga mbegu za mchicha, huchomeka vikonyo vya matembele na kuotesha maboga kando ya ukuta kwa ajili ya majani yake. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu au nne. Katikati ya Novemba wengine huingiza vifaranga wa nyama, kwa sababu kuku hao huchukua wiki tano au sita na Krismasi haisubiri. Masika ni kubwa zaidi na ina hatari zaidi: mvua hupiga mchicha ukalala chini, maranda ya bandani hulowa, na vifaranga hushikwa na baridi au kuhara damu.

Kuku mwenyewe si mgeni Pwani. Wanaakiolojia wamechimbua mifupa yake katika makazi ya kale ya Waswahili ya milenia ya kwanza. Ibn Battuta, aliyefika Mogadishu mwaka 1331, alieleza wali wa samli ulioliwa pamoja na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Lakini kuku wa zamani alikuwa wa kujitafutia. Alitoka asubuhi, akachakura, akarudi jioni, na aliyemfuga hakumnunulia chakula. Kuku anayefungiwa bandani, mia tatu kwa pamoja, akila chakula cha gunia na kutaga kwa hesabu, ni kiumbe mwingine. Huyo aliletwa Segerea na mshahara.

Kabla ya nyumba, sehemu hii ilikuwa mashamba ya Wazaramo: mihogo, minazi, mikorosho na miembe. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, Wajerumani wakaifanya makao makuu mwaka 1891, na wakati wote huo mji ulikula kutoka vijiji vya pembeni. Mihogo, nazi na kuku viliingia mjini kichwani mwa watu. Chini ya Waingereza mji uligawanywa kuwa Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na kilimo kikahesabiwa kuwa jambo la kijijini. Mahindi karibu na nyumba yalitazamwa na maofisa wa afya kama maficho ya mbu.

Ndani ya mpangilio huo kulikuwa na hesabu ambayo haikusemwa kwa sauti. Mfanyakazi Mwafrika alichukuliwa kuwa mpita njia, mwanamume asiye na familia mjini, na kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho mshahara wake ulikadiriwa hivyo. Mke na watoto walikuwa kijijini, na kilichowalisha ni jembe la mke. Kwa maneno mengine, shamba la kijijini lilikuwa likimlipia mwajiri sehemu ya mshahara. Ukishika jambo hilo moja, historia yote inayofuata inaeleweka: katika jiji hili mshahara haukuwahi kutosha wenyewe. Daima kulikuwa na shamba mahali fulani lililojazia pengo. Kilichobadilika baada ya Uhuru ni mahali shamba lenyewe lilipo.

Baada ya 1961 familia zilihamia mjini kwa wingi. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 272,821 Dar es Salaam. Ile ya 1978 ilihesabu 843,090. Idadi iliongezeka mara tatu katika miaka kumi na moja, na waliohamia walikuja na wake, watoto na wazazi. Jembe la kijijini likabaki mbali. Kwa muda mshahara wa serikali na wa mashirika ya umma ulistahimili mzigo huo. Kisha ukaja ukame wa 1973 na 1974, bei ya mafuta ikapanda duniani, na nchi ikalazimika kuagiza nafaka kwa fedha za kigeni ambazo hazikuwepo.

Jibu la serikali lilikuwa kampeni. Mwaka 1972 TANU ilikuwa imetangaza kule Iringa kwamba siasa ni kilimo. Ukame ulipobana, ikaja Kilimo cha Kufa na Kupona. Jina lenyewe linaonyesha hofu ya wakati ule. Watumishi wa ofisi, wanafunzi na wafanyakazi wa viwanda walitakiwa kulima, na kila eneo la wazi mjini likawa shamba linalosubiri mtu. Mamlaka za mji, zilizorithi dhana kwamba mahindi ni uchafu wa mji, sasa zilisikia wito wa kitaifa kwamba anayeacha ardhi bila kulimwa anaihujumu nchi. Kanuni za zamani hazikufutwa siku hiyo. Zilinyamaza tu. Ukimya huo ulidumu miaka mingi, na ndani yake kizazi kizima kilijifunza kwamba kulima mjini ni kosa ambalo viongozi wenyewe wanakuagiza ulitende.

Kilichofuata wazazi wetu wanakikumbuka vizuri kuliko vitabu. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilimaliza akiba. Miaka ya mwanzo ya 1980 ilikuwa ya foleni: ya sukari, ya sabuni, ya unga. Ugali wa mahindi ya njano ya msaada ulibatizwa jina la Yanga kwa sababu ya rangi yake. Nyuma ya foleni kulikuwa na jambo baya zaidi, kwa sababu hata bidhaa ilipopatikana fedha ya kuinunua haikuwepo. Mtafiti Aili Mari Tripp, katika kitabu chake cha mwaka 1997 kuhusu uchumi usio rasmi wa Dar es Salaam, anaeleza kwamba kati ya 1974 na 1988 thamani halisi ya mishahara ilianguka kwa asilimia 83. Chukua mshahara wako wa leo, ondoa sehemu nne kati ya tano, kisha ulipe kodi ya nyumba, nauli na ada kwa kilichobaki.

Hapo ndipo neno mradi lilipopata maana yake ya mtaani. Kitabuni mradi ni wa bwawa au barabara. Mtaani ulikuwa maandazi ya mke wa karani, cherehani ya nesi, kuku wa mwalimu. Tripp aliwakuta watu wa kila ngazi katika shughuli hizo, na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanakumbukwa mpaka leo kwa mabanda yao ya kuku. Mshahara haukulisha tena nyumba. Kazi yake ikawa kulisha mradi, na mradi ndio uliolisha nyumba. Mwisho wa mwezi mwalimu alichukua pesa yake, ambayo isingemfikisha tarehe kumi, akanunua vifaranga au gunia la chakula.

Kwa nini kuku, na si mbuzi au duka? Kwanza, yai ni fedha ya kila siku. Kuku wa mayai huanza kutaga akiwa na wiki 18 hadi 20, na baada ya hapo hakuna kusubiri mwisho wa mwezi. Pili, kuku anafugika na mtu ambaye yuko kazini mchana, alimradi kuna mtu nyumbani, na mtu huyo karibu kila mara alikuwa mama, dada au bibi. Tatu, hakuonekana. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi wa chama na serikali kupokea mishahara miwili, kumiliki hisa au kupangisha nyumba. Duka lingezua maswali. Banda nyuma ya nyumba liliweza kuitwa kitoweo cha watoto. Masharti hayo ya uongozi yalilegezwa rasmi mwaka 1991 kwa Azimio la Zanzibar. Kufikia wakati huo kuku wa viongozi na wa raia walikuwa wametaga kwa muongo mzima.

Mwaka 1983 unaonyesha vizuri ukinzani wa kipindi hicho. Sheria ya Nguvu Kazi ilipitishwa, na wakazi wa Dar es Salaam waliokosa kuthibitisha kuwa wana kazi walikamatwa na kupelekwa vijijini wakalime. Kitambulisho cha kazi ndicho kilichokupa haki ya kukaa mjini. Lakini kitambulisho hakikupikwa. Mwenye nacho alibaki mjini na kulishwa na kuku, na asiye nacho alipandishwa lori kwa sababu anachofanya, pengine kuuza mchicha, hakikuhesabiwa kuwa kazi. Mwaka huohuo serikali ilihalalisha mabasi ya watu binafsi, yale yaliyopewa jina la daladala kutokana na nauli ya shilingi tano, yaani dala. Ndiyo yaliyokuja kuwabebea akina mama trei za mayai kwenda mjini.

Sasa tufike kwenye ardhi, ile nusu ya habari ambayo mshauri husahau. Mfanyakazi aliyetaka nafasi alitazama nje ya mji, na Segerea ilikuwa mojawapo ya nje hizo. Kisheria ardhi ni mali ya umma, hivyo kilichouzwa kilitajwa kuwa maendelezo yaliyo juu yake. Mnunuzi alilipia minazi, mikorosho na miembe, na udongo ukaja kama nyongeza. Karatasi iliandikwa mbele ya mjumbe wa nyumba kumi na mashahidi wawili watatu, na mipaka ikatajwa kwa miti: kutoka mwembe huu hadi mnazi ule. Umeme haukuwepo, maji yalichotwa kisimani, na watu waliwacheka waliohamia porini. Lakini kwa mshahara ulioanguka kiasi kile, mtu wa kawaida aliweza bado kupata robo eka au nusu eka. Leo sentensi hiyo inasomeka kama ngano.

Juu ya ardhi hiyo uliundwa mtambo ambao hakuna chuo kilichoubuni. Nyumbani kwetu ulikuwa na daftari lake, la kurasa 80, lenye mistari iliyopigwa kwa rula ya mwalimu. Upande wa kushoto: trei zilizotoka, aliyechukua, aliyelipa, mwenye deni. Upande wa kulia: pumba, mashudu, dagaa, chokaa, dawa, maranda. Kuku 300 wakitaga vizuri, tuseme wanane kati ya kumi kwa siku, ni mayai 240, yaani trei nane. Kuku hao hao hula karibu gramu 115 kila mmoja, sawa na kilo 34 hivi kwa siku, au karibu mifuko mitano ya kilo 50 kwa wiki. Chakula hula sehemu kubwa ya gharama yote, na ndiyo maana kila mfugaji wa Segerea ni mtabiri wa bei ya mahindi kuliko mchumi wa benki.

Bustani iliingia kwenye hesabu hiyo kwa mlango wa nyuma. Maranda yaliyochanganyika na kinyesi yalitolewa bandani, yakarundikwa, yakaachwa yaoze, kwa sababu mbolea mbichi ya kuku huunguza miche. Ikiiva inapelekwa kwenye matuta ya mchicha, chainizi, nyanya chungu na bamia. Majani yaliyozeeka au kutobolewa na wadudu yanarudi bandani, kuku wanayagombania. Mafungu mazuri yanauzwa getini jioni, wakati kila jiko la mtaa linatafuta mboga. Mtoto wa jirani anatumwa na sahani, anasalimia shikamoo, anasema mama ameomba fungu mbili atalipa kesho, na deni linaingia upande wa kushoto wa daftari. Ada ya shule ilitoka kwenye ukurasa huo. Mshahara ulionunua mahindi ya kwanza hauonekani humo, lakini bila huo daftari lisingefunguliwa.

Watafiti walipoanza kuhesabu, walikuta jambo lililowashangaza wageni na kutomshangaza mwenyeji hata mmoja. Camillus Sawio wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika tasnifu yake ya udaktari, iliyokamilika mwaka 1993 katika Chuo Kikuu cha Clark, Marekani, juu ya kilimo cha jiji hili. Malongo Mlozi wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo aliandika miaka ileile juu ya mifugo na mazingira ya mjini. Kazi zao zilionyesha kwamba wakulima wa mjini hawakuwa maskini waliotoka kijijini jana na kusahau kuacha jembe. Wengi walikuwa watu wenye elimu na ajira, waliokaa mjini muda mrefu. Utafiti wa miaka hiyo ulionyesha pia kwamba zaidi ya asilimia 90 ya mboga za majani zilizouzwa masokoni zilitoka kwenye maeneo ya wazi na bustani za mjini humohumo. Mlozi hakusifu tu. Alieleza harufu, kelele, mimea iliyoliwa na mifugo ya jirani, na sababu inayofanya sheria ndogo zisitekelezwe: waliopaswa kuzitekeleza walikuwa na mifugo yao nyumbani.

Mwaka 1992 serikali iliandika kanuni za kilimo cha mijini chini ya sheria ya mipango miji. Mtu asizidishe eka tatu, na ng'ombe wasizidi wanne, wafungiwe. Ule ukimya wa miaka ya 1970 ukawa maandishi hatimaye. Lakini kanuni ziliweka kikomo kwa mwenye ardhi nyingi. Hazikusema lolote la kumsaidia asiye nayo, kwa sababu mwaka ule hilo halikuonekana kuwa tatizo la Segerea.

Adui aliyeogopwa zaidi hakuwa bwana afya bali kideri. Ugonjwa huu wa virusi, ambao wengine huuita mdondo, unaweza kuingia mtaani Jumatatu na kuacha mabanda matupu Jumapili. Kuku hupinda shingo, huharisha kijani, huanguka. Hauna tiba, una chanjo tu, na chanjo za zamani zilihitaji baridi ambayo nyumba bila umeme haikuwa nayo. Mabadiliko yalikuja na chanjo ya I-2, iliyotokana na kazi ya watafiti wa Australia, inayostahimili joto kuliko zile za kwanza. Huwekwa tone moja jichoni na kurudiwa kila baada ya miezi mitatu hivi. Maabara ya mifugo ya Temeke, upande wa pili wa jiji, iliitengeneza hapa nchini na kuiita TEMEVAC. Watu hukumbuka kampeni na maazimio, lakini kama kuna kitu kilichookoa ada za watoto wengi kwa kimya, ni kichupa hicho.

Upande wa bondeni historia ni chungu zaidi. Walioshindwa kupata kiwanja walilima kando ya Msimbazi, unaotoka vilima vya Pugu na kupita katikati ya jiji hadi baharini karibu na daraja la Selander. Ardhi hapo ina rutuba na maji hayakauki haraka, ila mto huohuo hupokea maji ya viwanda, machinjio na vyoo. Vipimo vilivyofanywa na watafiti kwa miaka mingi vimekuta madini mazito, yakiwemo risasi, katika udongo na mboga za bonde hilo. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu karibu 40 jijini, na familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Mkulima wa bondeni na mfugaji wa nyuma ya ukuta wanauza mchicha kwenye soko lilelile. Tofauti yao ni nani alinunua minazi mapema.

Dar es Salaam haiko peke yake. Uingereza ya Vita Kuu ya Pili, nyambizi zilipozuia meli za chakula, iliwahimiza watu walime mboga kwenye bustani za maua na kufuga kuku kwa mabaki ya jikoni. Kampala ya miaka ya 1970, uchumi ulipoporomoka chini ya Idi Amin, ilijaa mihogo na migomba hadi kando ya barabara. Havana iligeuza viwanja vitupu kuwa bustani baada ya Umoja wa Kisovyeti kuvunjika mwaka 1991 na mafuta kukatika. Watu wa miji hii hawakulima kwa kukosa ustaarabu wa mji. Walilima kwa sababu mji uliacha kuwalipa au kuwalisha. Na kila mahali walioweza ni wale waliokuwa na pa kuchimba.

Sasa tazama Segerea ya leo. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, karibu mara ishirini ya wale wa 1967. Nusu eka iliyonunuliwa kwa bei ya minazi imekatwa vipande: kimoja kwa mtoto wa kwanza, kimoja kimeuzwa kugharamia matibabu, na kilichobaki kimejengwa vyumba vya kupanga. Si ubaya wa mtu. Chumba hakihitaji pumba, hakishikwi na kideri, na hulipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mahali lilipokuwa banda, sasa anaishi kijana mwenye shahada.

Mgawanyo huo una sura nyingine inayozungumzwa kwa sauti ya chini. Kuku walikuwa wa mama, kwa mikono yake na kwa daftari lake. Kiwanja mara nyingi kilikuwa kwa jina la baba. Baba anapofariki, ndugu hukaa kikao na kugawa kilicho na karatasi. Banda halina karatasi. Miaka thelathini ya kuamka saa kumi na moja kuwasha jiko la mkaa la vifaranga haiandikwi kwenye mkataba wa mjumbe. Mwanamke aliyesomesha nyumba nzima kwa mayai anaweza kujikuta akitetea nafasi ya kuweka banda mbele ya shemeji asiyewahi kuokota hata yai moja.

Soko nalo si lile. Kuku wa mwalimu wa 1985 alishindana na uhaba, na kila yai lilikuwa na mnunuzi kabla halijapoa. Mfugaji wa leo hushindana na makampuni yenye mashine za kutotolesha, viwanda vya chakula na magari ya ubaridi. Tangu 2006, kwa hofu ya mafua ya ndege, Tanzania ilizuia kuku na vifaranga kutoka nje, na mwaka 2017 vifaranga 6,400 waliokamatwa Namanga wakitokea Kenya walichomwa moto. Mjadala uliwaka pande zote mbili za mpaka. Chini ya mjadala kulikuwa na jambo ambalo mwalimu wa zamani asingeamini: kifaranga kimekuwa bidhaa nzito kiasi cha nchi mbili jirani kukigombania.

Kwa hiyo turudi kwenye ushauri. Mzazi aliyefuga katika miaka ya 1980 alikuwa na vitu vitatu. Alikuwa na mshahara, mdogo lakini wa uhakika, wa kununua vifaranga wa kwanza na kufidia wale waliokufa. Alikuwa na ardhi iliyopatikana kabla bei haijapaa. Na alikuwa na mtu wa nyumbani asiyelipwa, aliyeshinda na kuku mchana kutwa. Bidii ilikuwepo, tena nyingi, lakini ilisimama juu ya mawe hayo matatu kama sufuria jikoni. Kijana anayeambiwa leo afuge hana ajira ya kumpa mtaji, amepanga chumba kimoja ambacho mwenye nyumba amekataza mifugo, na mwenzake wa nyumbani naye anatafuta kazi. Kumpa sufuria bila mafiga kisha kumlaumu kwamba hapiki si haki.

Hata hivyo watu hawakai mikono mitupu. Kila vuli, kwenye nyumba za kupanga za Segerea, utaona ndoo za rangi zilizotobolewa chini, viroba vilivyojazwa udongo na samadi, na matairi ya zamani yaliyochanwa, vyote vimeota matembele na sukuma wiki kwenye ukingo wa sentimita sitini kati ya mlango na mfereji wa maji machafu. Wapangaji wanne hugawana fungu. Kuku, kama yupo, ni mmoja, amefungwa mguu kwa kamba, anasubiri sikukuu. Kodi ikipanda, ndoo zinahama pamoja na godoro.

Jiji limepima viwanja vingi pembezoni katika miaka hii. Viwanja vya makazi vina ramani, vya biashara vina ramani, na hata makaburi yana ramani. Eneo la pamoja ambapo mpangaji anaweza kukodi matuta kumi au nafasi ya kuku hamsini kwa bei anayoimudu si kitu kigeni duniani. Katika miji mingi ya Ulaya bustani za kukodi kwa watu wasio na uwanja zimekuwepo kwa zaidi ya karne. Serikali iliyowahi kuwaambia watu wa mjini walime au wafe inaweza kuulizwa, bila kuvunjiwa heshima, walime wapi. Swali hilo si la wakulima peke yao. Ni la kila mtu ambaye mshahara wake, akiupata, hautafika tarehe kumi.